Kazi Bila Fungu: Funzo Kutoka Kaunti za Kenya

Ndugu wasikilizaji, na hususan ninyi ndugu wapiganaji wa jeshi letu na ndugu askari polisi mlioko makambini, vituoni na malindoni, mazungumzo yetu ya leo yanavuka mpaka wa kaskazini. Yanahusu sheria za Kenya zinazogawa kazi na fedha baina ya serikali kuu na serikali za kaunti, na yanahusu pia mwananchi wa kawaida anayesubiri maji, dawa na barabara wakati wakubwa wakibishana.

Askari aliye zamu Namanga anaijua habari hii kuliko wengi wetu. Ng'ombe wakiibwa upande huu na nyayo zao zikaelekea upande wa pili, wenzake wa kushirikiana naye ni polisi wa Kenya, ambao ni watumishi wa serikali kuu iliyoko Nairobi. Lakini ng'ombe hao hao wakiugua na ikabidi wachanjwe, mwenye dhamana ya huduma hiyo ni Kaunti ya Kajiado, ambayo mkuu wake ni gavana aliyechaguliwa na watu wa huko. Ardhi ni moja na mifugo ni ile ile, lakini serikali zinazohusika ni mbili, na kila moja ina bajeti yake na mkuu wake.

Utaratibu huo umefikiwa kwa njia ndefu. Kenya ilipopata uhuru, tarehe 12 Desemba 1963, ilikuwa na Katiba ya majimbo. Mwaka mmoja baadaye, nchi ilipokuwa Jamhuri, madaraka ya majimbo yalikwisha kuondolewa. Zilizobaki chini kabisa, karibu na wananchi, ni halmashauri za kaunti na za miji. Hizo ndizo zilizoendesha shule za msingi, zahanati na barabara za vijijini.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1969 ya kuhamisha kazi. Kwa sheria hiyo, kuanzia Januari 1970, elimu ya msingi, huduma za afya na barabara ziliondolewa mikononi mwa halmashauri za kaunti na kupelekwa wizarani. Manispaa chache kubwa tu ndizo zilizoachiwa kazi hizo. Kodi ya mtu iliyotozwa kwa kiwango cha kipato, ambayo ilikuwa tegemeo kubwa la halmashauri, nayo ikachukuliwa na serikali kuu. Halmashauri zenyewe hazikufutwa. Madiwani waliendelea kuchaguliwa na ofisi ziliendelea kufunguliwa kila asubuhi, ila kazi na fedha zilikuwa zimekwenda kwingine. Ziliachiwa masoko, ushuru mdogo mdogo na madeni.

Sababu zilizotolewa hazikuwa za upuuzi. Halmashauri nyingi zilikuwa zimeshindwa kukusanya kodi, na walimu walikaa bila mishahara. Serikali kuu iliona heri ichukue mzigo kuliko kuuona ukianguka njiani. Lakini sheria hiyo ilitibu ugonjwa kwa kumwondolea mgonjwa miguu. Kwa zaidi ya miaka arobaini mwananchi wa Turkana au wa Kwale aliyetaka daraja alilazimika kungoja uamuzi wa Nairobi, na diwani wake hakuwa na la kumjibu.

Ndipo wananchi wa Kenya, katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, walipoikubali Katiba mpya. Katiba hiyo ilitangazwa rasmi tarehe 27 Agosti mwaka huo huo. Iliunda kaunti 47, kila moja ikiwa na gavana na baraza la wawakilishi. Mwaka 2012 Bunge lilitunga Sheria ya Serikali za Kaunti, na baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 serikali hizo zikaanza kazi. Wenzetu wanauita mpango huo ugatuzi.

Kazi zimegawanywa katika Jedwali la Nne la Katiba. Ulinzi wa taifa, polisi, mambo ya nje, elimu ya msingi na sekondari, na hospitali kuu za rufaa ni kazi za serikali kuu. Hospitali na zahanati za kaunti, kilimo na mifugo, barabara za kaunti, maji, masoko, shule za chekechea na kuzima moto ni kazi za kaunti. Ninyi askari polisi mtapenda kujua kwamba Sheria ya Polisi ya mwaka 2011 inataka kila kaunti iwe na Mamlaka ya Usalama ambayo mwenyekiti wake ni gavana. Chombo hicho hutoa maoni juu ya vipaumbele vya usalama katika eneo. Gavana hawezi kumwamuru askari hata mmoja, kwa kuwa amri inatoka kwa Inspekta Jenerali na mshahara unatoka serikali kuu. Hata hivyo, mwizi akivunja duka, mwananchi humlalamikia gavana kwanza, maana ndiye aliyempigia kura.

Ndugu wasikilizaji, kugawa kazi katika karatasi ni rahisi. Ugumu huanza pale fungu la fedha linapogawanywa.

Katiba ya Kenya inasema kaunti zote kwa pamoja zipewe fungu lisilopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge. Kiasi kamili huamuliwa kila mwaka kwa sheria, na sheria hiyo ni lazima ikubaliwe na mabaraza mawili: Bunge la Taifa na Seneti. Mwaka 2019 Bunge la Taifa lilitaka kaunti zipewe shilingi za Kenya bilioni 310, na Seneti ikadai bilioni 335. Mwaka wa fedha ulianza Julai bila ya sheria kupita, na mapatano ya bilioni 316.5 yalifikiwa mwezi Septemba. Mwaka uliofuata mgogoro ulihamia ndani ya Seneti yenyewe. Maseneta walishindana juu ya kanuni ya kugawana: je, idadi ya watu itiliwe uzito zaidi, au ukubwa wa ardhi na umaskini wa eneo? Kikao baada ya kikao kiliahirishwa, hadi tarehe 17 Septemba 2020 suluhu ilipopatikana.

Katika miezi kama hiyo, anayeumia ni nani? Si seneta wala mbunge, maana mshahara wake haupiti katika kaunti. Huumia muuguzi wa zahanati ambaye mshahara wake haukufika, na mama mjamzito anayekuta mlango umefungwa. Na huumia pia askari aliyehamishiwa mbali na kwao, ambaye mkewe na watoto wake wanaitegemea zahanati ile ile.

Mfano mkubwa ni mgomo wa madaktari ulioanza tarehe 5 Desemba 2016 na kudumu siku mia moja. Madaktari walidai utekelezaji wa mkataba waliotiliana saini na Wizara ya Afya mwaka 2013. Lakini kufikia wakati huo hospitali nyingi zilikuwa zimekwisha kukabidhiwa kwa kaunti. Aliyetia saini ni mmoja na aliyetakiwa kulipa ni mwingine, na kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole. Viongozi wa chama cha madaktari walifungwa gerezani kwa muda mwezi Februari 2017, na mgomo haukukwisha kwa kuwafunga. Madaktari walirudi kazini mwezi Machi, na kufikia Juni wauguzi nao walikuwa wamegoma, wakakaa nje hadi Novemba. Hakuna apendaye kuhesabu wagonjwa waliokosa tiba katika mwaka ule.

Sasa tufike Nairobi, kwenye habari inayowahusu zaidi ninyi wapiganaji.

Mwanzoni mwa mwaka 2020 Kaunti ya Nairobi ilikuwa haina uongozi unaofanya kazi. Gavana wa wakati ule alikuwa amezuiwa na mahakama kuingia ofisini kwa sababu ya kesi iliyomkabili, na hakuwa na naibu. Taka zilirundikana mitaani. Tarehe 25 Februari 2020 hati ilitiwa saini Ikulu kukabidhi kazi nne za kaunti kwa serikali kuu: afya, uchukuzi, ujenzi wa miundombinu na huduma zake, na mipango miji. Katiba inaruhusu makabidhiano kama hayo, kwa masharti. Mwezi uliofuata kiliundwa chombo cha kuendesha kazi hizo, na mkuu wake akateuliwa kuwa Meja Jenerali Mohammed Badi, ofisa wa Jeshi la Anga, akisaidiwa na maofisa wenzake wa jeshi.

Hatuna budi kusema kweli yote. Kazi ilionekana. Visima vilichimbwa katika mitaa ya mabanda, hospitali mpya zikajengwa humo, na barabara zikatengenezwa. Nidhamu ya kijeshi ilileta kasi iliyokuwa imekosekana, na wakazi wengi walishukuru.

Lakini maswali nayo yalizuka mara moja. Mwezi Juni 2020 Mahakama ya Kazi iliona kwamba taratibu za kisheria hazikufuatwa, ikatoa siku 90 mambo yarekebishwe. Gavana aligeuka, akaikataa hati aliyoitia saini, kisha akakataa kuidhinisha bajeti iliyokitengea chombo kile sehemu kubwa ya fedha za kaunti. Wafanyakazi wa jiji hawakujua bosi wao ni nani. Na mwakilishi wa wadi aliyetaka kuuliza kwa nini kisima kimechimbwa mtaa huu na si ule, alimwuliza nani? Meja Jenerali aliteuliwa na Rais. Wakazi wa Kibera hawakumchagua, na hawakuwa na njia ya kumwondoa kwa kura. Gavana yule aliondolewa madarakani na Seneti mwezi Desemba 2020, lakini kazi zile nne ziliendelea kuwa chini ya chombo hicho hadi mwisho wa Septemba 2022, ziliporejeshwa kwa gavana mpya, Johnson Sakaja, aliyechaguliwa Agosti mwaka huo.

Ndugu wapiganaji, hapa pana jambo la kulitafakari. Jeshi likiitwa kuokoa watu wakati wa mafuriko au kipindupindu, hiyo ni heshima na ni wajibu. Lakini jeshi likikabidhiwa bomba la maji na jalala kwa miaka miwili na nusu, hukabidhiwa pia manung'uniko ya kila siku ya bomba na jalala. Siku maji yanapokauka, mwananchi humtazama mpiganaji kama anavyomtazama diwani aliyemchoka, na heshima hupungua pande zote mbili. Zaidi ya hayo, kaunti iliyoondolewa kazi haijifunzi kazi.

Hatusemi haya ili kuwahukumu majirani zetu. Sisi wenyewe tuliyapitia. Mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, tulizifuta halmashauri za wilaya, na za miji zikafuata. Nia ilikuwa njema: kuwapeleka wataalamu na fedha mikoani ili maendeleo yaharakishwe. Lakini chombo cha wananchi wenyewe kilikuwa kimeondoka, na miji yetu ikaharibika. Mwaka 1978 ilibidi tuanze kuzirudisha mamlaka za miji. Mwaka 1982 zikatungwa sheria mpya za Serikali za Mitaa, na mwaka 1984 halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka huo kwamba kuzifuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Kiongozi anayekiri hivyo mbele ya dunia anawaachia wanaomfuata urithi mkubwa.

Tujifunze nini basi? Kila mpiganaji anajua kwamba kamanda hapeleki kikosi mbele bila risasi na mgao wa chakula, kisha akakilaumu kikirudi kimeshindwa. Halmashauri au kaunti iliyopewa zahanati bila fedha za dawa imefanyiwa hivyo hivyo. Anajua pia kwamba kikosi chenye makamanda wawili wanaopingana hakina kamanda. Hospitali ambayo mkataba wake unasainiwa na mmoja na mshahara unalipwa na mwingine haitapata utulivu. Na anajua kwamba anayetoa amri ndiye anayejibu matokeo yake. Katika huduma za umma, wa kujibiwa ni wananchi wanaohudumiwa, na ni lazima wajue mlango wa kubisha.

Kazi, fungu na wajibu wa kujibu, mambo hayo matatu sheria iyaweke katika mkono mmoja. Kenya ya mwaka 1969 iliondoa kazi na fungu, ikawaachia madiwani lawama. Kenya ya leo imerudisha kazi, na kila mwaka bado inavutana juu ya fungu. Nasi tusijione kuwa tumefika, maana halmashauri zetu nazo hungojea fedha za Hazina.

Mlinzi wa amani ana haki ya kulitazama jambo hili kama lake. Ghasia nyingi mnazoitwa kuzizima huanzia penye kisima kilichokauka, soko lililovunjwa bila taarifa, au zahanati isiyo na dawa. Mkifika hapo na ngao zenu, mnakuta kosa lililokwisha kufanyika mbali, mezani pa mtu aliyegawa kazi akasahau fungu. Kaunti au halmashauri inayofanya kazi yake vizuri inawapunguzia ninyi usiku wa kukesha.