Lugha ya Wazee Wetu wa Ukerewe



Nimeagizwa niseme machache juu ya Kikerewe, lugha ya kisiwa chetu.

Wengi wenu mwalijua jina la Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, akasoma Seminari ya Rubya. Aliona desturi na maneno ya wazee yanapotea, basi akaandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945. Akatafuta wa kuipiga chapa, asimpate, kwa kuwa wasomaji wa lugha ya kisiwa kimoja ni wachache. Hata uzeeni akashika kalamu tena, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kitabu kilitoka Dar es Salaam mwaka 1980. Naye akafariki mwaka 1981.

Nakishukuru Kiswahili, maana ndicho kilichokiokoa kitabu kile, tena ndicho nisemacho hapa. Lakini kitabu kilichoandikwa ili maneno ya Kikerewe yasipotee, Wakerewe wenyewe twakisoma kwa Kiswahili.

Wala sina haki ya kumlaumu mtu. Katekisimu naifundisha kwa Kiswahili, maana darasani wamo Wakerewe, Wajita na Wakara pamoja. Lakini nyumbani je? Huko ni uvivu wangu tu. Juma lililopita mama yangu alimtuma mjukuu wake kwa Kikerewe. Mtoto akanitazama mimi, nimfasirie. Mama akanyamaza, akainuka, akaenda mwenyewe.

Tangu jioni ile sala za nyumbani twazisali kwa Kikerewe, mama akituongoza. Mtoto hukosea sana, naye bibi yake humrudisha nyuma mpaka aseme sawasawa.