Bahari ya Hindi, Mvua za Kigali na Dhoruba za Ulaya



Mvua kubwa ikinyesha hapa Sonatubes, Kigali, motari (madereva wa teksi za pikipiki) huegesha pikipiki zao na kujibanza barazani mwa maduka, huku maji yakiporomoka kuelekea Rwandex na kinamasi cha Gikondo. Kesho yake lawama zote huangukia mitaro. Mitaro ina makosa yake, sikatai, ila leo nitazungumzia mvua yenyewe ilikotoka, na wengine iliowagusa.

Tutazame mwaka 2019. Kuanzia katikati ya mwaka, maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kawaida, na yale ya karibu na Sumatra yakapoa. Hali hii huitwa dipoli ya Bahari ya Hindi. Saji na wenzake waliieleza mwaka 1999 katika jarida la Nature. Katika baadhi ya wiki za 2019, kipimo chake kilivuka nyuzi 2 za Selsiasi.

Kwa kawaida hewa hupanda juu ya Indonesia na kushuka upande wetu, na hewa inayoshuka haileti mvua. Mwaka ule mambo yaligeuka. Pepo za mashariki zilisukuma unyevu hadi bara, vuli (Umuhindo kwa wenyeji wetu) ikafurika kuanzia Somalia na Kenya hadi huku milimani, na siku ya Krismasi mvua iliua watu hapa Rwanda. Australia, iliyonyimwa mvua hiyo, iliwaka moto.

Sasa twende Ulaya. Mvuke unapogeuka matone huachia joto, na joto hilo huisukuma anga ya juu. Msukumo husafiri maelfu ya kilomita kuelekea ncha za dunia kwa mawimbi yanayoitwa ya Rossby, nao huupinda au kuukaza mkondo wa upepo unaobeba dhoruba za kipupwe. Jacob Bjerknes alionyesha jambo la aina hii kwa Pasifiki katika miaka ya 1960, na El Niño (joto la kupita kawaida la Pasifiki) ya 1997–98 iliithibitishia California kwa mafuriko. Kwa kipupwe cha 2019/20, Hardiman na wenzake wa idara ya hali ya hewa ya Uingereza waliona kuwa dipoli ilichangia kuimarisha pepo za magharibi juu ya Atlantiki. Februari 2020 zilifika dhoruba Ciara na Dennis, na Uingereza ikapata Februari yenye mvua nyingi kuliko zote katika kumbukumbu zake.

Nasema ilichangia, kwa makusudi. Bahari haipangi dhoruba ishuke Jumapili fulani. Huongeza tu uwezekano wa msimu mzima kuelemea upande mmoja.

Tena si kila gharika ni ya dipoli. Mafuriko ya usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, wakati El Niño ya mwaka huo ilikuwa bado haijatangazwa. Masika hayaifuati bahari kwa utii kama vuli. Kwa hiyo utabiri wa ICPAC, kituo cha kikanda cha utabiri wa tabianchi, wa Oktoba hadi Desemba una msingi imara zaidi kuliko ule wa Machi hadi Mei, na anayepanga kuzibua mitaro ya Gikondo angeanza Agosti, utabiri wa vuli unapotolewa.