Mkaa na Kidonda

Msikilizaji wa Masieda, Haydom na Dongobesh, jembe limekukata mguu shambani, na jirani anakwambia saga mkaa upake. Usipake.

Upo mkaa maalumu wa tiba, uliochomwa kwa joto kali na kupitishwa kwenye mvuke hadi ukawa na vitundu visivyoonekana kwa macho. Hospitalini hushonewa ndani ya kitambaa cha kufungia vidonda vinavyonuka, ili unase harufu. Hata huo haumwagwi kidondani, wala hauoteshi nyama mpya. Wa jikoni ndio kabisa: una majivu na mchanga, na vumbi lake likibaki chini ya ngozi huacha doa jeusi la kudumu.

Udongo na samadi hubeba vijidudu vya pepopunda, nasi wafugaji tunavikanyaga kila siku. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi damu ikatike, lioshe kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, kisha lifunge. Likiwa limezama, lina uchafu, au umeumwa na mnyama, nenda zahanati au Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, inayotuhudumia tangu 1955. Uliza chanjo ya pepopunda siku hiyohiyo.