Kupanga Kozi ya Jioni ya Uandishi wa Programu kwa Wanaoanza



Anayejiandikisha katika kozi ya jioni ana kazi, ana familia, na mara nyingi hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu. Sisi wakufunzi tumezoea kumpangia ratiba kwa kufuata mada. Napendekeza tuanze na saa alizonazo. Jioni mbili za saa 2 kila moja, pamoja na saa 4 za Jumamosi, ni saa 8 kwa wiki. Kwa wiki 12 tunapata saa 96. Cheti kimoja tu cha freeCodeCamp, tovuti ya kujifunzia programu, cha kujenga kurasa za tovuti, kilikadiriwa kuhitaji saa 300. Kwa hiyo tukiahidi kumtoa mtaalamu aliyeiva kwa saa 96, tunamdanganya mtu aliyetulipa ada. Tunachoweza kumpa ni uwezo wa kuandika programu ndogo, kuisoma ya mwenzake, na kujua aanzie wapi anapokwama.

Lugha moja inamtosha. Mimi huchagua Python. Kihariri cha Thonny, kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia, huja na Python ndani yake; ukikibeba kwenye flashi unakiweka kwenye lapitopu ya mwanafunzi bila kumaliza bando lake.

Kipindi chenyewe ndicho kinachotaka uangalifu zaidi. Mwanafunzi ameandika programu ya kujumlisha bei. Anaingiza sukari 3000, anaingiza chumvi 500, na skrini inamjibu 3000500. Python imepokea alichokiandika kwenye kibodi kama maandishi, ikayaunganisha. Mkufunzi akikimbilia kumwambia "weka int hapo", yaani amri ya kugeuza maandishi kuwa namba, kosa litaondoka na somo litaondoka nalo. Amwulize kompyuta inadhani imepewa nini, kisha amwache dakika tano ahangaike na jirani yake. Akigundua mwenyewe tofauti ya namba na maandishi, hataisahau. Kazi hiyo haiwezekani kwa mkufunzi mmoja mbele ya watu 40. Kwa maoni yangu, kila wanafunzi 10 wapate mkufunzi au msaidizi wao, na maelezo ya ubaoni yasizidi robo ya kipindi.

Halafu kuna kukosa vipindi. Bosi amemchelewesha, mtoto anaumwa, umeme umekatika mtaani. Akikosa jioni mbili, anaona haya kurudi, na wengi huishia hapo. Ndiyo maana saa ya kwanza ya Jumamosi iwe ya kufidia tu, na kila baada ya wiki tatu ipite wiki moja isiyo na mada mpya. Zoezi la nyumbani liwe la nusu saa na lifanyike bila intaneti.

Wiki mbili za mwisho ziachiwe mradi wa mwanafunzi mwenyewe: daftari la madeni ya duka, au hesabu za kikoba. Faili peke yake isimpatie cheti, kwa kuwa siku hizi akili mnemba inaweza kuiandika yote. Asimame aeleze mstari kwa mstari, na abadilishe kitu kimoja mbele ya wenzake.

Naiomba semina hii ikubaliane juu ya jambo moja: kila tangazo la kozi litaje saa za vipindi, saa za mazoezi ya nyumbani na aina ya kompyuta inayohitajika, kabla hatujapokea ada ya mtu yeyote.