Hali ya Nchi na Uzazi wa Nyoka
(Hotuba kwa wakulima na wafugaji)

Nimeombwa niseme maneno machache juu ya mnyama ambaye watu wengi, wakisikia jina lake tu, hutafuta fimbo. Sikuja kumtetea nyoka aliyeingia nyumbani mwa mtu. Nimekuja kueleza kwamba nyoka wote hawazai kwa namna moja, na kwamba tofauti hiyo hutokana kwa sehemu kubwa na nchi wanamokaa: joto lake, mvua yake, na kimo chake juu ya bahari. Mwenye kulijua jambo hili atafahamu kwa nini fimbo ile ile huweza kuimaliza jamii moja ya nyoka, na nyingine isitikisike.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba mwili wa nyoka hauna moto wake wenyewe kama miili yetu. Joto lake huliazima kwa jua na kwa ardhi. Jua likizidi hujificha. Likipungua hawezi kuwinda, wala chakula hakisagiki upesi tumboni mwake. Basi penye baridi siku zake za kazi ni chache, hukua polepole, na huchelewa kuzaa.

Tuangalie Ulaya. Huko yuko nyoka mwenye sumu, wa jamaa ya moma wetu, ambaye amefika hata sehemu za kaskazini za Sweden na Finland. Katika nchi hizo hulala chini ya ardhi zaidi ya nusu ya mwaka, akingoja theluji iyeyuke. Jike hazai kila mwaka, bali kila baada ya miaka miwili au zaidi, kwa kuwa majira mafupi ya joto hayatoshi kumrudishia mafuta aliyoyatumia. Tena hatagi. Mayai yakiwekwa katika udongo wa baridi yangekufa. Kwa hiyo huyachukua tumboni, akahama nayo kulifuata jua, mpaka wana wazaliwe wakiwa hai.

Sasa turudi kwetu Kenya. Juu ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare, penye majani makavu na baridi ya usiku, yuko kipiri mdogo asiyepatikana mahali pengine po pote duniani. Urefu wake ni kama futi moja. Hukaa katika vichaka vya majani tangu mita 2,700 hivi hadi kadiri ya mita 3,800, na hutoka jua likiwaka tu. Yeye naye huzaa wana hai, na waliopata kuonekana ni wawili au watatu kwa uzazi mmoja.

Mlinganisheni na moma wa nchi za joto. Huyu ni mnene, hungoja mawindo bila kusogea, na huweza kukaa muda mrefu bila kula. Kwa kawaida huzaa wana ishirini hata arobaini. Moma mmoja jike aliyetoka Kenya, akafugwa katika bustani ya wanyama nchini Cheki, alizaa wana 156! Hapa mtaona kwamba hali ya hewa si sababu pekee: moma huzaa wana hai hata penye joto, kwa kuwa ndivyo ilivyo asili ya jamaa yake, na mwili mkubwa una nafasi ya wana wengi.

Chatu naye hutaga mayai kwa makumi. Katika Afrika ya Kusini, Profesa Graham Alexander alieleza mwaka 2018 jinsi chatu jike anavyoota jua mlangoni pa shimo, kisha akarudi kuyazungushia mayai mwili wake ili kuyapa joto. Muda huo wote hali kitu, na hukonda sana. Mama kama huyo hawezi kuzaa tena upesi.

Je, maneno haya yatufaa nini? Yatufaa mambo mawili. La kwanza, mtu akichoma majani ya mlimani kwa uzembe, huenda akaangamiza kipiri wa miaka mingi, kwa maana wana wawili watatu hawajazi pengo upesi. Na joto la dunia likizidi kupanda, nyoka huyu atasukumwa juu zaidi. Lakini mlima una kilele, na akifika huko hana mahali pengine pa kuhamia.

La pili, moma hatamalizwa kwa fimbo. Huja penye panya, na panya huja penye mahindi yaliyomwagika. Safisheni ghala, fyekeni majani karibu na nyumba, tembeeni usiku na taa, na vaeni viatu, kwa sababu moma hakimbii akisikia hatua. Hulala kimya akitumaini rangi yake. Mtu akiumwa, asichanjwe wala asifungwe kamba. Atulizwe, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali mara moja.

Mabibi na Mabwana, kumwogopa nyoka si aibu. Lakini hofu yenye maarifa huokoa mguu wa mtoto shambani, nayo humwachia yule mdogo wa mlimani nafasi yake ndogo chini ya jua.