Wimbo wa Babeli, Masikio Mawili



Wengi mnaujua wimbo "Rivers of Babylon" wa Boney M, wa mwaka 1978. Mdundo ukianza, mtu anacheza tu. Lakini The Melodians wa Jamaika waliuimba kwanza, mwaka 1970, na kwa Marasta Babeli ni utawala wowote wa kukandamiza. Maneno yake yametoka Zaburi 137, na ile dua ni Zaburi 19:14.

Sasa angalia: mwaka 1978 Idi Amin alikuwa bado anatawala Uganda, na ndugu wengi walikuwa wamekimbilia Kenya. Aliye kwao alisikia dansi; aliyekimbia angeweza kusikia kilio chake mwenyewe.

Kwa hiyo, mpendwa, usiishie kuuliza, "Ni wa kidunia ama wa kanisa?" Fungua Zaburi, soma mpaka mstari wa 9, ule mgumu ambao wimbo umeuacha. Mstari wa 3 unaonyesha mateka wakilazimishwa kuchangamka. Basi Jumapili, kabla hujamwambia mgeni aliyevuka mpaka, "Imba kwa furaha!", muulize kwanza ameacha nini nyuma. Mnaniambia amina?