Ujira wa Daktari: Ni Haki au Ni Hisani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imeniomba niseme machache juu ya jambo linalozungumzwa sana mitaani petu: je, madaktari wetu hulipwa kwa haki? Mimi si daktari, wala si mtumishi wa hazina. Nasema kama mtu aliyepata kusimama langoni pa hospitali na mgonjwa wake, asipate wa kumpokea.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Zamani za ukoloni, Mwafrika mtumishi wa serikali, hata akiwa na elimu ileile ya Mzungu, alipewa sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 iliukubali mpango huo. Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ndiyo iliyouondoa. Basi wazee wetu wajua maana ya kupunjwa. Si uchache wa fedha tu, bali ni kuambiwa kwamba jasho lako halina thamani.

Leo rangi haimo tena katika hesabu hiyo, lakini manung'uniko yangaliko. Daktari husoma miaka sita chuoni, kisha hutumika mwaka mmoja hospitalini chini ya wakubwa wake kabla ya kupewa ruhusa kamili. Mwaka 2013 chama cha madaktari na serikali walitia sahihi mapatano ya mishahara, nayo hayakutimizwa. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wakaacha kazi, na mgomo ukadumu siku 100. Hata viongozi wao wakatiwa gerezani Februari 2017. Mwaka huohuo yakaandikwa mapatano mengine. Mwaka 2024 ukazuka mgomo wa siku 56, maana madaktari wanagenzi, ambao kwa mapatano hayo walistahili zaidi ya shilingi 200,000 kwa mwezi, waliambiwa wapokee 70,000. Desemba 2024 serikali ilikubali kulipa kama ilivyoandikwa.

Wako wasemao, "Daktari hupata mara nyingi kuliko mchuma chai au mpagazi wa bandarini. Tena aliapa kuwahudumia watu. Mbona amgeuzie mgonjwa kisogo?" Neno hilo lina uzito. Katika mgomo wa mwaka 2017 nilimpeleka shangazi yangu katika hospitali moja ya serikali, tukarudishwa langoni, nasi hatukuwa na fedha za kwenda kwingine. Mwenye mali hakuona taabu yoyote. Aliyelipia ugomvi ule ni maskini, naye alilipa kwa mwili wake.

Hata hivyo, nilipotafakari niliona kwamba kosa halikuanza pale langoni. Lilianza siku ile mapatano yalipotiwa sahihi pasipo kutafutwa fedha za kuyatimiza. Sitawaambia daktari astahili shilingi ngapi; hiyo ni kazi ya wenye kupatana. Nasema neno moja tu: ujira wa haki ni ule uliokubaliwa na pande zote mbili, ukafika kwa wakati wake. Ahadi ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Ikiwa hazina haina uwezo, na isemwe kabla kalamu haijagusa karatasi.

Naye daktari ana deni lake. Apokeaye mshahara wa umma haimpasi kuiacha zamu yake na kwenda kutibu wenye fedha katika zahanati yake mwenyewe.

Sisi je, wanachama, tufanye nini? Tangu mwaka 2013 hospitali zetu nyingi zimo mikononi mwa kaunti. Basi makadirio ya fedha yanaposomwa, na tuwaulize wajumbe wetu: madaktari wamelipwa? Dawa zimenunuliwa? Tuulize mapema, wakati lango lingali wazi.